Mzee wa Bahasha

Jumatatu, 8 Septemba 2025. Kilifi.

Nina miaka hamsini na mbili, na leo nimepigwa picha ya kitambulisho cha mwanafunzi. Mpiga picha akaniambia, "Baba, tabasamu kidogo." Nikamwuliza anitajie jambo moja katika kaunti hii linalostahili tabasamu. Akabonyeza. Picha imetoka kama ya mtu anayetafutwa na polisi, nami nimeipenda.

Kilichonileta hapa ni redio. Kituo kilichonipa dakika ishirini kila Jumamosi kwa miaka minane kimeamua kwamba kila anayeshika kipaza sauti awe na stashahada. Sikugombana nao sana. Niligombana nao wiki tatu tu. Kisha nikajiandikisha, nikakodi chumba nyuma ya soko, na wikendi nitarudi kijijini kwetu, kati ya Kuruwitu na Kikambala, kwenye vitabu vyangu mia sita. Nimeanza na shajara hii ili yatakayosemwa hapa nami niwe nayo kwa maandishi. Mimi huamini kilichoandikwa.

Jumatano, 10 Septemba

Somo la lazima kwa wageni wote: Kufikiri kwa Kina na Matumizi ya Maktaba. Yaani nifunzwe kufikiri! Na wa kunifunza ni Mwalimu Vivian, ambaye hajafika thelathini. Nilianza kuandika magazetini yeye hajaota meno.

Aliandika ubaoni maswali matatu. Nani alilisema kwanza? Alikuwepo? Na kama umepewa ukurasa mmoja, ukurasa wa kabla yake uko wapi?

Nilinyosha mkono mara nne. Mara ya nne, kijana wa Malindi anayekaa mbele yangu, Faiz, akageuka akanitazama usoni. "Nilisema sauti hii naijua! Wewe si Mzee wa Bahasha? Babangu Jumamosi hatoki nyumbani mpaka umalize kutukana watu."

Darasa likacheka. Mwalimu akauliza, "Bahasha gani?"

Nikasimama nikaeleza, kama nilivyoeleza mara mia. Mwaka 2018 kampuni moja ya hoteli iliziba njia yetu ya kuteremkia pwani, njia ya wavuvi na ya kina mama wanaonunua samaki wa kukaanga. Ilidai kijiji kilikubali kwa maandishi. Picha ya ukurasa wa sahihi ikazunguka kwenye simu, na jina la kwanza kabisa lilikuwa la Lewa, mdogo wangu wa tumbo moja, katibu wa kamati ya wavuvi. Sikumficha kwa sababu ni damu yangu. Niliandika kijitabu, Mkono Ulioiuza Njia, nikakisoma redioni neno kwa neno. Mwezi uliofuata Lewa akaniletea bahasha ya kaki, nene, imegundishwa kwa utepe. Sikuifungua. Niliipeleka barazani, nikaiinua mbele ya watu, nikasema, "Hii ndiyo bei ya ndugu yangu, na mimi sitaki hata kujua ni kiasi gani!"

"Na mpaka leo hujaifungua?" Mwalimu akauliza.

"Mpaka leo. Imo rafuni, katikati ya vitabu."

Wakapiga makofi. Yeye hakupiga. Aliandika kitu kidogo kwenye daftari lake, na jambo hilo limeniudhi siku nzima.

Ijumaa, 12 Septemba

Joto. Hakuna la maana.

Jumatano, 17 Septemba

Tumepelekwa maktaba. Mkutubi ni Bi Mwanabibi, mwenyeji wa Mambrui, rika langu, mwenye miwani ya kamba na sauti ya chini inayokulazimisha kumwinamia ili umsikie. Nilipomsalimu aliinua kidole.

"Bwana Ngumbao, mara ya mwisho ulinong'ona lini?"

"Sikumbuki, Bi."

"Basi utafunzwa. Hapa si uwanja wa mikutano."

Faiz akafa kwa kicheko ndani ya shati.

Alitutembeza rafu kwa rafu. Mwisho akatuonyesha kona yenye unyevu chini ya bati linalovuja: ripoti za mazingira, kumbukumbu za mikutano, matangazo ya ardhi. Alisema maktaba hii i wazi kwa kila mwananchi, si wanafunzi tu, lakini kona hii husomwa na mchwa na yeye. Nikamwambia kwamba ndiyo maana nchi hii inaibiwa mchana. Akasema, "Naam. Na wapiga kelele nao hawaji." Mwanamke huyu nimempenda na nimemchukia kwa wakati mmoja.

Jumatano, 24 Septemba

Kazi ya muhula imetolewa. Kila mmoja achague jambo moja alilowahi kulisema hadharani kwa uhakika, alifuate nyuma mpaka chanzo chake cha kwanza, kisha aorodheshe vyanzo vyote alivyovisoma kwa macho yake. Faiz amechagua kwamba simu iliyoingia maji huponea kwenye mchele. Mimi nimechagua kwamba Lewa aliiuza njia.

Mwalimu akaniita baadaye. "Mzee, una hakika? Chagua jambo jepesi. Hili ni la nyumbani kwako."

"Binti yangu, mimi sina mambo mepesi."

Nataka msichana huyu aone ushahidi unavyokuwa.

Jumapili, 28 Septemba. Nyumbani.

Nimeitafuta ile picha kwenye simu ya zamani. Majina kumi na sahihi kumi, la kwanza Lewa, na juu yake picha imekatika. Nimeitazama kwa miaka saba. Leo nimeikuza kwa sababu ya swali la yule msichana. Pembeni, chini, imechapwa tarakimu: 4.

Ukurasa wa nne wa nini?

Jumatano, 1 Oktoba

Vuli imechelewa. Nimemwomba Bi Mwanabibi ripoti ya ile hoteli. "Namba ya jalada?" Sina. "Mwaka?" 2017 au 2018. "Jina la kampuni kama lilivyosajiliwa?" Nalijua jina la ubaoni tu. Nikapandisha sauti. Akanionyesha mlango, bila hasira. Baada ya nusu saa nikarudi nikinong'ona.

Ijumaa, 3 Oktoba

Vumbi. Kikohozi. Majalada kumi na moja, si lenyewe.

Jumatano, 8 Oktoba

Nimeipata saa nne asubuhi, na sasa ni saa kumi alasiri, sijala.

Ripoti ina kurasa mia moja na kumi na mbili. Kiambatisho cha tatu kina kurasa saba. Nitaandika kila ukurasa kama nilivyouona, kwa sababu nikiyaacha haya kichwani mwangu nitaanza kuyapinda. Najijua.

Ukurasa wa kwanza: Kumbukumbu za Mkutano wa Hadhara, Februari 2017. Wa pili na wa tatu: nani alisema nini. Wa nne, wa tano na wa sita vina kichwa kimoja, ambacho kwenye simu yangu kilikatwa: Orodha ya Waliohudhuria. Wa saba: tamko kwamba wanakijiji wameridhia, lenye sahihi moja tu, ya ofisa wa kampuni, na chini yake maneno haya: "Sahihi za wanakijiji zimeambatishwa."

Wametumia orodha ya mahudhurio. Basi. Hakuna mtoto wa pwani hii asiyejua jinsi mikutano hii inavyokwenda. Unafika, unatia sahihi, unapewa soda na nusu mkate. Asiyetia sahihi hapewi. Sahihi ile ni ya soda. Lewa alikuwa wa kwanza kwa sababu yeye ndiye katibu aliyepiga mistari ya karatasi. Mimi mwenyewe nimetia sahihi za soda zisizo na idadi tangu ujana wangu, na ilipokuja ile picha sikujiuliza hata mara moja.

Ukurasa wa tatu, mstari wa kumi na mbili. Naunakili:

"Katibu wa wavuvi, Bw. Lewa, alipinga. Alisema njia hiyo ni ya mama yake na ya mama zao wote, na kwamba yeye hataridhia hata akibaki peke yake. Mkutano uliendelea."

Mkutano uliendelea!

Nilifunua ukurasa wa tano ili nisiutazame ule wa tatu. Nambari kumi na saba: Dama. Mahali pa sahihi pana alama ya dole gumba, ya buluu, imepinda kidogo kwa sababu dole lile lilikatwa na kisu cha kupara samaki kabla sijazaliwa. Dama ni mama yangu.

Alikuwepo. Na aliniambia. Mwaka ule ule aliniambia, ameketi kwenye kigoda anapara samaki: "Mimi nilikuwepo, mwanangu. Tulitia alama tukapewa soda." Nikamjibu, na jibu langu nalikumbuka kwa sababu nililiona zuri: "Mama, wewe nipe samaki, mambo ya karatasi niachie mimi."

Na mimi siku ile ya mkutano nilikuwa wapi? Nimetazama tarehe, nimekumbuka. Nilikuwa Malindi, kwenye kongamano, nikihutubia juu ya haki ya wananchi kushirikishwa.

Alhamisi, 9 Oktoba

Sikwenda darasani.

Jumamosi, 11 Oktoba. Nyumbani.

Redioni nimezungumza juu ya bei ya unga. Dakika ishirini nzima. Mtayarishaji akanisifu kwa utulivu.

Yapo ya kuandika hapa ambayo sijawahi kuyaandika popote. Baada ya kijitabu changu watu waliacha kumsalimu Lewa. Nyavu zake zilikatwa. Mkewe, Nduku, alirudishiwa sahani ya futari na jirani aliyekula naye miaka kumi. Septemba 2018 wakahamia Mariakani. Mama alifariki Aprili 2021, na mimi, mwana wa kwanza, nikasema mbele ya ukoo mzima kwamba aliyeuza njia ya marehemu hatatia udongo kwenye kaburi lake. Wazee walinitazama. Mmoja akasema, "Ngumbao, hiyo ni nzito." Nikaitetea. Nilikuwa na hoja. Mimi sijawahi kukosa hoja.

Lewa alikaa nje ya ua, upande wa barabara, mpaka tukamaliza.

Nimesimama mbele ya rafu. Bahasha iko pale pale. Utepe umegeuka manjano. Mama aliwahi kuniuliza mara mbili kama nimeifungua, nami mara zote mbili nikamhubiria kuhusu rushwa.

Huenda ni pesa bado. Leo nimejikuta nikitamani iwe pesa.

Jumatano, 15 Oktoba

Mvua imeanza, na bati la ile kona linavuja kama alivyosema Bi Mwanabibi. Nilimkuta ameweka ndoo, anahamisha majalada. Nikamsaidia.

Kisha akaleta daftari la wasomaji. "Bwana Ngumbao, nilifikiri mara nyingi kama nikuonyeshe. Kazi yangu si kuingia nyumba za watu. Lakini umenisaidia kubeba." Akafungua. "Ile ripoti, kabla yako imesomwa na mtu mmoja tu."

Mwandiko niliujua kabla ya jina. Mimi ndiye niliyemfundisha kuandika, kwa mkaa, kwenye ukuta wa jiko. Lewa. Tarehe tatu Julai 2018. Nakala: kurasa saba.

"Namkumbuka," akasema. "Alikuja na kofia mkononi, akauliza kama wasiokuwa wanafunzi huruhusiwa. Nikampigia nakala. Akaniuliza kama nina bahasha, imara, isiyopitisha maji. Nikampa ya kaki."

Nikakaa chini, kwenye sakafu yenye maji.

"Inuka," akasema. "Kwetu mtu hakai kwenye maji."

Jumatatu, 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Nyumbani. Mvua. Bahasha rafuni. Sikuigusa.

Jumapili, 26 Oktoba

Vivyo hivyo.

Jumatano, 29 Oktoba

Faiz amewasilisha. Mchele hauponyi simu. Ameharibu simu mbili kuthibitisha, moja ya babake. Kisha akanigeukia: "Zamu ya Mzee wa Bahasha!" Nikamwambia asiniite hivyo tena. Alidhani ninatania, akarudia. Nikamfokea mpaka akanywea, maskini. Jina hilo nililipenda kuliko jina nililopewa na babu yangu.

Nikabaki na Mwalimu. Nikamweleza yote huku nikiangalia dirishani. Nilingoja ajigambe kwamba amenishinda. Mimi ningejigamba.

"Kazi haijakamilika," akasema.

"Nimekiri nimekosa! Unataka nini zaidi?"

"Kuna chanzo kimoja hujakisoma, mzee."

"Najua kilichomo! Ni zile kurasa saba, nimeshazisoma!"

"Unajua vipi?"

Nikatoka. Nikasimama kwenye veranda, mvua inanipiga miguuni. Alikuwa sahihi, na mimi nilikuwa nafanya lile lile nililolifanya mwaka 2018: kujua kilichomo bila ya kufungua.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimemwomba Faiz radhi. Akasema, "Babangu anakufokea wewe kila Jumamosi, mzee. Tumelipana." Kisha akaninunulia viazi vya karai. Sikuweza kumaliza.

Jumamosi, 8 Novemba. Mariakani.

Nimewaambia redio naumwa, na sikuwa nimedanganya.

Lewa anapokea maziwa ya wafugaji, anayapima na kuyajaza kwenye mitungi. Nyumba yake iko nyuma ya maegesho ya malori, imepakwa rangi, safi. Nduku ndiye aliyefungua mlango. Alinitazama muda mrefu, kisha malezi yake yakamshinda.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba, Nduku."

"Karibu ndani. Viatu waweza kubaki navyo."

Lewa alikuwa mezani. Amekuwa na mvi. Ana kipara cha baba yetu kabisa. Tulipokuwa wadogo, na hata wakubwa, hakuwahi kuniita jina; aliniita mwenehu, ndugu yangu, kwa lugha ya nyumbani. Leo alisimama, akanyosha mkono, akasema, "Karibu, mzee."

Nikapewa chai ya maziwa mengi na chapati, kama apewavyo mgeni yeyote. Nilikuwa nimeandaa maneno. Nilipoanza yalitoka kama kipindi cha redio, nikajisikia mwenyewe, nikanyamaza. Nikaanza upya. "Lewa, nimesoma kumbukumbu za mkutano. Ulikataa. Nilikosea."

"Ulizisoma wapi?"

"Maktaba."

"Ahaa." Akakoroga chai ambayo haikuhitaji kukorogwa. "Kwa hiyo maktaba umeiamini."

"Nisamehe."

"Na bahasha ulifungua?"

Nikaikata chapati vipande vidogo.

"Nakuuliza, mzee. Ulifungua?"

"Bado."

Nduku, aliyekuwa amesimama karibu na mlango wa jikoni, akatoa sauti ndogo, akaziba mdomo kwa khanga. Lewa hakuinua sauti. Laiti angeiinua. Kugombana nakuweza.

"Miaka saba," akasema. "Niliwaza labda ulifungua ukasoma ukaona haya kusema. Mara nyingine niliwaza uliichoma. Sikuwaza hata siku moja kwamba imekaa tu."

"Nilidhani ni pesa, Lewa."

"Kutoka kwangu? Mimi? Ungenijua ungedhani ni pesa?" Akasimama. "Kaifungue kwanza. Usiniombe msamaha wa jambo ambalo hujalijua lote."

Nduku alinisindikiza mpaka kwenye malori. Hakutaka kuniambia, nadhani, lakini tulipofika kwenye lami maneno yakamtoka.

"Siku ya mazishi aliokota udongo pale nje ya ua, shemeji. Akaushika hivi, akingoja aitwe. Hakuna aliyemwita. Tukapanda gari naye kaushika. Tumefika Mtwapa bado. Nikamwambia, fungua mkono. Akaufungua dirishani."

Jumapili, 9 Novemba. Nyumbani.

Asubuhi. Mvua imekatika. Nimefungua.

Kurasa saba, kama nilivyojua. Kwenye ukurasa wa tatu Lewa ameweka alama ndogo ya penseli kando ya mstari wa kumi na mbili. Si mstari wa kupigia kelele. Alama tu, kama mtu anayekuonyesha kwa kidole.

Nyuma ya kurasa saba kuna karatasi ya nane. Hii sikuijua. Ni karatasi ya daftari la shule, kwa mwandiko wa Lewa, lakini maneno si yake. Nayanakili hapa yote:

"Ngumbao mwanangu. Haya ni maneno yangu mimi, Lewa anaandika tu na nimemkataza asiongeze. Nimekwambia kwa mdomo hukunisikia, ukasema mambo ya karatasi nikuachie. Wewe huamini karatasi, basi nimekutengenezea karatasi. Nilikuwepo. Nilikaa kwenye jamvi na wenzangu wa samaki. Lewa alisimama akakataa. Sauti ilimtetemeka, wewe unamjua si mtu wa maneno, lakini alikataa. Kisha tukatia alama ya soda. Yangu ilikuwa nyekundu, sikuimaliza. Kama ndugu yako ni mwizi basi na mimi ni mwizi, dole langu lipo pale, tazama. Usimsome tena redioni, majirani wanasikiliza. Ukishasoma hii usiniambie kitu, mwite tu ndugu yako mje mle. Nitapika muhogo wa nazi Jumapili. Nitawangoja."

Chini yake kuna dole gumba la buluu, limepinda.

Kuanzia Julai ile Mama alipika muhogo wa nazi Jumapili nne mfululizo. Nilikula. Jumapili ya pili nilimwuliza mbona anapika sufuria kubwa hivi, kwani kuna wageni? Akasema, "Huenda wakaja." Jumapili ya nne nilimwambia anaharibu nazi. Ya tano akapika sima.

Sikuandika zaidi kwa saa nzima. Kuku wa jirani ameingia akatembea juu ya kijitabu changu, nimemwacha.

Inaniuma sana kwamba Mama hakukasirika. Ningekuwa mimi ndiye mama, ningeichana ile bahasha, ningeisoma kwa nguvu mbele ya uso wa mwanangu. Yeye hakujua kusoma. Alingoja msomi wake asome.

Jumatano, 12 Novemba

Nimempa Bi Mwanabibi barua ya Mama aisome. Aliivua miwani, akaifuta, akaivaa. Akaleta kifuko cha plastiki kigumu, kile wanachohifadhia hati za zamani, akaiweka karatasi ndani kwa ncha za vidole.

Jumamosi, 15 Novemba

Nimesoma redioni. Nimesoma ukurasa wa tatu, nikasoma orodha inavyoitwa, nikasoma nilichokiandika mimi mwaka 2018, kisha nikasema jina la Lewa na kwamba nilimsingizia, na kwamba nilimzuia mwana kumzika mama yake. Barua ya Mama sikuisoma. Alikataza mambo ya nyumbani redioni, na angalau hilo moja nimemtii. Dakika tisa. Kumi na moja zilizobaki wakapiga muziki.

Alasiri Nduku akapiga simu.

"Tumekusikia, shemeji. Yaani mimi nimekusikia."

"Na yeye?"

"Ulipoanza kumtaja alitoka nje. Alikuwa anaosha mitungi. Mitungi yenyewe ilikuwa safi tayari."

"Mwambie bahasha nimeifungua. Mwambie nimeona ya nane."

Nilisikia lori likirudi nyuma, likilia.

"Nimemwambia," akasema. "Yuko hapa mlangoni. Anauliza, Mama aliandika siku gani ya kupika?"

"Jumapili."

Akamwambia. Nikangoja. "Amerudi kwenye mitungi, shemeji," akasema, na simu ikakatika.

Jumapili, 16 Novemba

Nimepika muhogo wa nazi. Nimeuunguza. Hakuna aliyekuja, wala sikuwa nimemwita mtu, niliogopa kumwita. Jumapili ijayo nitapika tena.

Jumapili, 23 Novemba

Nilimtumia Nduku ujumbe. Muhogo safari hii umeiva vizuri. Nimekula peke yangu, sahani mbili zimebaki zimefunikwa mpaka jioni.

Ijumaa, 28 Novemba. Kilifi.

Kazi imerudishwa. Mwalimu amenipa alama nzuri, ambazo sina mahali pa kuziweka. Amesahihisha kitu kimoja tu, kwenye orodha ya vyanzo, kwa kalamu nyekundu: "Kwa hati ya mkono ambayo haikuchapishwa, mzee, tunataja pia tarehe ilipopokelewa na tarehe iliposomwa."

Faiz alikuwa ananingoja nje na viazi. Nikamwambia atangulie. Nimekaa chini ya bati linalovuja, kwenye kona ya Bi Mwanabibi, nikaandika chanzo changu cha mwisho upya:

Dama, mama wa mwandishi. Barua kwa mwanawe, kwa mkono wa Lewa, yenye alama ya dole gumba. Ukurasa mmoja. Mahali ilipohifadhiwa: nyumbani kwa mwandishi, kwenye rafu ya vitabu. Ilipokelewa 14 Julai 2018. Ilisomwa 9 Novemba 2025.